Kuchunguza sumu ya aseniki na metali nzito kwa watu na wanyama Lamu: mwongozo kamili

Mkojo wa mvuvi aliyekula pweza jana usiku unaweza kutoka maabara ukiwa na mamia ya mikrogramu za aseniki kwa lita, na mwenyewe hana hata mafua. Mkojo wa mtu anayekunywa maji ya kisima chenye sumu kwelikweli unaweza kuonyesha tarakimu ileile. Mashine haikukosea popote, ila mtafiti hakuuliza vizuri. Aseniki ya pweza, kamba na samaki kwa sehemu kubwa ni asenobetaini, ambayo mwili huitoa jinsi ilivyoingia. Ile ya kisimani ni aseniki isiyo ya kikaboni, na hiyo ndiyo iliyowekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika kundi la 1: inasababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu.

Kwa hiyo mtafiti wa Lamu, awe mwanafunzi wa chuo, afisa wa afya au daktari wa mifugo, ana kazi ya ziada ambayo mwenzake wa Machakos hana. Lazima aitoe bahari ndani ya sampuli. Bahari huingia kupitia sahani, kisha ikaingia mara ya pili kupitia chumvi ya kisimani. Miongozo mingi imeandikwa kwa watu wa bara, na ukiifuata neno kwa neno hapa utapata majibu mazuri ya swali ambalo si lako.

Hatua ya 1: Anza na chanzo, sumu itafuata

Usiandike pendekezo lenye kichwa kama "Viwango vya metali nzito Lamu". Hilo ni jina la maktaba nzima. Zunguka mtaani kwanza, uangalie nani anagusa nini.

Tazama chubwi, vizito vya risasi vya kuzamishia mishipi na nyavu, zinavyotengenezwa. Betri ya gari iliyokufa inapasuliwa kwa shoka, asidi inamwagwa mchangani, vibao vya ndani vinatiwa kwenye sufuria kuukuu juu ya makaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa likipepewa hulifikia bila taabu. Juu kunatanda utando wa kijivujivu. Fundi anauengua kwa kijiko na kuutupa pembeni, kisha anamimina risasi kwenye vishimo alivyotoboa mchangani. Watu wengi huogopa moshi. Mimi naogopa zaidi ule utando uliotupwa pembeni, kwa kuwa ni oksidi ya risasi, ukikauka unakuwa vumbi, na hapo ndipo watoto wanapochezea. Sufuria hiyo ikirudi jikoni, una chanzo cha pili.

Kuna wanja. Wanja wa jiwe wa asili ni salfaidi ya risasi, na sampuli nyingine zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtoto mchanga anapakwa, anafikicha jicho, anatia kidole mdomoni. Wanja mwingine unaouzwa ni masizi au makaa tu, hauna neno. Huwezi kuutofautisha kwa macho, kwa hiyo chukua sampuli ya kila aina unayoikuta dukani na kila anayoleta mtu kutoka safari.

Kuna krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi zina zebaki. Kuna rangi za kupaka mashua chini ili chaza na majani ya bahari yasishike, nyingi zikiwa na shaba, na za zamani zikiwa na risasi. Kuna mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kromiamu, shaba na aseniki, zile zenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali. Zikiwa zimesimama si tatizo kubwa. Zikichomwa, aseniki hubaki kwenye jivu, na ng'ombe hupenda kulamba jivu kwa ajili ya chumvi. Upande wa bara, Witu na Mpeketoni, waulize wazee kama kulikuwa na josho la zamani. Afrika Mashariki majosho yalitumia sodiamu asenaiti kwa miongo mingi kabla dawa nyingine hazijachukua nafasi yake, na aseniki haiozi wala haichakai. Josho likifukiwa leo, udongo wake utaendelea kuwa na sumu wajukuu wakijenga juu yake.

Sasa chagua chanzo kimoja na uandike swali linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Kwa mfano: je, watoto wa nyumba zinazoyeyusha risasi wana risasi nyingi zaidi damuni kuliko watoto wa wavuvi wanaonunua chubwi dukani? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayosahaulika. Walipopima watoto wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watafiti walipima pia watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh, wenye maisha yanayofanana ila hauna kiwanda. Bila mtaa wa pili, wakili yeyote angeuliza: mnajuaje kwamba risasi hii si ya rangi za nyumba? Kesi ile ilidumu miaka mingi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilitoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kwenye safari kama hiyo, takwimu zenye kundi la kulinganisha hazizeeki.

Lamu ina sababu yake nyingine ya kupima mapema. Mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 ulinyang'anywa leseni ya mazingira na baraza la kuamua mashauri ya mazingira, National Environment Tribunal, Juni 2019. Jivu la makaa hubeba aseniki, zebaki na kadmiamu. Mradi wa namna hiyo ukija tena, swali la kwanza litakuwa hali ilikuwaje kabla, na hilo huwezi kulijibu baada ya tukio.

Hatua ya 2: Soma, ukiwa na kikokotoo mkononi

PubMed na Google Scholar ni bure, na vyuo vingi vya Kenya vinafungua majarida yanayolipiwa kupitia Research4Life. Kwa kila metali anza na wasifu wa sumu unaotolewa na shirika la Marekani la ATSDR: ni mrefu, unachosha, lakini umekusanya watu, panya, ng'ombe na samaki mahali pamoja. Kwa wanyama, mwongozo wa Merck wa madaktari wa mifugo unatosha kuanzia.

Vipimo ndivyo vinavyowaangusha wengi. Kwenye maji, mikrogramu 1 kwa lita ni sawa na sehemu moja kwa bilioni. Risasi ya damu wengine huiandika kwa mikrogramu kwa desilita, wengine kwa mikromoli kwa lita, na mikromoli moja kwa lita ni mikrogramu 20.7 kwa desilita. Kwenye samaki angalia kama uzito ni wa nyama mbichi au kavu. Papa mkavu wa sokoni amepoteza maji mengi, kwa hiyo tarakimu yake itapanda hata kama zebaki haijaongezeka chembe. Mtu akilinganisha papa mkavu na kiwango cha samaki mbichi ataitisha kikao cha dharura bure.

Hatua ya 3: Vibali

Pita haraka lakini usiruke. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha barua za kaunti: afya kwa watu, mifugo kwa wanyama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu majina, majibu ya maabara na hata alama ya GPS ya kisima cha nyumbani kwa mtu. Anza miezi kadhaa kabla.

Halafu kuna vibali visivyoandikwa. Visima vingi vya Mji wa Kale ni vya misikiti au ni wakfu, na mwenye kusema ndiyo ni imamu na wazee wa mtaa. Nenda baada ya swala ya alasiri, keti, sema unachotafuta na utakachofanya ukikikuta. Hilo la pili ndilo watakalokuuliza.

Hatua ya 4: Kila metali ina mahali pake mwilini

Hapa pana utajiri, kwa hiyo tukae kidogo.

Aseniki hukaa damuni kwa saa chache tu, kwa hiyo kupima damu ni kupoteza pesa isipokuwa mtu amekunywa sumu leo. Mkojo unaonyesha siku chache zilizopita. Agiza maabara itenganishe aina: aseniki isiyo ya kikaboni pamoja na mazao yake mawili, MMA na DMA, upande mmoja, na asenobetaini upande wa pili. Jumla peke yake haina maana Lamu. Kawaida mtu huambiwa asile chochote cha baharini siku tatu hadi tano kabla ya kutoa mkojo. Mwambie hivyo mtu wa Shela au Matondoni atakucheka, na ana haki. Basi omba anachoweza, na uandike alichokula. Jihadhari pia na DMA: baadhi ya aina za aseniki zilizomo kwenye chaza na mwani hugeuka DMA mwilini, kwa hiyo aliyekula chaza jana anaweza kuonekana kama amekunywa maji mabaya hata baada ya kutenganisha. Ukiwa na shaka, shikilia zaidi ile isiyo ya kikaboni na MMA.

Mkojo mzito na mwepesi haulinganishwi moja kwa moja. Pima uzito mahususi au kreatinini kwenye kila sampuli. Mwezi wa Ramadhani usikusanye mkojo wa alasiri ukalinganisha na wa Shaaban. Afadhali usubiri hata zile siku sita za kufunga za Shawwal ziishe.

Nywele na kucha hutunza miezi, lakini hutunza pia uchafu wa nje. Mtu anayeoga maji ya kisima chenye aseniki atakuwa nayo juu ya nywele hata kama hainywi. Kucha za miguu ni bora kuliko za mikono, kwa kuwa hazigusi wanja, chubwi wala rangi ya mashua. Omba zisizo na hina.

Risasi ni habari ya damu. Damuni hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini mifupani hukaa miongo, na mama mjamzito huweza kumpa mtoto risasi aliyoivuta alipokuwa msichana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mtu akiwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto akifika 45, dawa za kunasa metali hupendekezwa, hospitalini. Mashine ndogo ya LeadCare II inapima tone la kidoleni kwa dakika tatu na inafaa sana visiwani, ila kidole cha mtoto wa fundi chubwi kina vumbi la risasi juu yake. Osha kwa sabuni na maji safi, pangusa, tupa tone la kwanza. Ikitoka juu, rudia kwa damu ya mshipa kabla hujasema neno kwa mzazi.

Zebaki ni mbili. Ya samaki, methili zebaki, soma kwenye nywele: nywele hurefuka karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita tatu za karibu na ngozi ni miezi mitatu ya mlo. Ya krimu, isiyo ya kikaboni, soma kwenye mkojo. Mwanamke anaweza kuwa na zote mbili, na nywele zake hazitakuambia habari ya krimu.

Kadmiamu hukaa kwenye figo kwa miaka kumi hadi thelathini, na mkojo ndio shahidi wake wa muda mrefu. Uliza kuhusu sigara kwanza. Mvutaji ana kadmiamu kwa sababu ya tumbaku, usihangaike na kisima.

Hatua ya 5: Maji ya kisima, na chumvi yake

Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Ni maji ya mvua yaliyoelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Mjini visima vingi vimeshakuwa vya magadi, watu huogea na kuoshea tu. Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote, uliza: kisima hiki ni cha kunywa, cha kupikia, cha punda au cha kuogea? Jabia la maji ya mvua nalo lina maswali yake: paa la nini, rangi gani, misumari ya kichwa cha risasi?

Tumia chupa za plastiki zilizolowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, zikasuuzwa kwa maji yaliyotolewa madini. Kisima cha pampu, pampu mpaka chumvi na joto la maji vitulie. Kisima cha ndoo, tumia ndoo yako ya plastiki, maana ile ya hapo mara nyingi ni ya bati na ina zinki yake. Chukua chupa mbili: moja chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, nyingine usichuje. Zote zitie matone ya asidi safi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo metali zitagandama kwenye kuta za chupa na maabara itasoma maji yaliyobaki. Zebaki inataka chupa yake, ya glasi. Pima chumvi papo hapo kwa mita ndogo, na uandike.

Kwa kila sampuli kumi, beba chupa moja ya maji safi uliyofungua na kufunga hapo kisimani, na moja ya marudio. Ile tupu ikitoka na risasi, risasi ni yako, ya chupa au ya mkono.

Sasa chumvi. Maabara nyingi zinapima aseniki kwa ICP-MS, mashine inayohesabu chembe kwa uzito wake. Aseniki ina uzito wa 75. Gesi ya agoni ya mashine ikikutana na klorini ya maji ya chumvi huunda chembe yenye uzito wa 40 na 35, jumla 75. Kisima cha magadi kitaonyesha aseniki ambayo haipo. Mashine za kisasa zina chumba cha heliamu cha kuzuia chembe hiyo, lakini lazima kiwashwe. Andika kwenye fomu kwa herufi kubwa: MAJI YA CHUMVI, na kiasi chake. Ukitumia kisanduku cha kupimia shambani, kile kinachogeuza karatasi njano hadi kahawia, kinatosha kuchagua visima vya kurudia, hakitoshi kuhukumu.

Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita kwa aseniki na 10 kwa risasi, 3 kwa kadmiamu na 6 kwa zebaki isiyo ya kikaboni. Kwa mifugo, mwongozo unaotajwa sana ni aseniki 200. Ukikuta kisima cha 60, punda anaweza kuendelea na binadamu aache.

Rudi msimu mwingine. Kisima cha baada ya masika na kisima cha mwisho wa kaskazi ni visima viwili, na sahani pia inabadilika: wakati wa kaskazi mashua hufika mbali na kurudi na jodari, nguru na nduaro, wakati wa kusi watu hula zaidi samaki wa mwambani.

Hatua ya 6: Anza kwa kuwasoma wanyama

Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956, lakini paka walikuwa wameanza kuyumba na kurukaruka kabla ya hapo. Walikuwa wakila samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Lamu ina paka kila ngazi ya gati, wanaokula matumbo na vichwa vya samaki kila siku ya maisha yao. Kata nywele za mgongoni, gramu moja hivi, kwa mkasi wa chuma kisichoshika kutu, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika gati gani. Hakuna sindano, hakuna maumivu, na una picha ya zebaki ya eneo lile. Usichukue tu paka wa nyumba ya tajiri anayelishwa chakula cha mkebe.

Punda ni shahidi wa mtaa, maana hunywa visima ambavyo watu wameviacha na hula kwenye jaa. Risasi kwa jamii ya farasi na punda huonekana kwa kukonda na kwa sauti ya kukoroma anapopumua kwa nguvu, kwa sababu neva ya koo imelegea. Shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki Lamu tangu miaka ya 1980, na madaktari wa mifugo wa kisiwani wanajua punda kwa kumuona. Damu itolewe na daktari, kwenye chupa ya EDTA, yenye dawa ya kuzuia damu isigande, na mwenye punda aulizwe punda hunywa wapi, hulala wapi, alibeba nini wiki iliyopita. Aliyebeba saruji na aliyebeba betri kuukuu si sawa.

Ng'ombe wa bara ni suala la betri tena. Ng'ombe hulamba betri iliyotupwa kwa utamu wa chumvi yake, na vipande vya risasi hutulia kwenye tumbo la pili kwa uzito wake, vikiachia sumu kidogokidogo. Utamwona haoni njia, anasaga meno, anasukuma ukuta kwa paji la uso. Risasi ya damu ikizidi mikrogramu 35 kwa desilita, na dalili zipo, unaanza kuamini. Kwa aliyekufa, figo au ini ikizidi sehemu 10 kwa milioni kwa uzito mbichi inaonyesha sumu ya risasi. Kwa aseniki zinatosha sehemu 3, na dalili ni tofauti: kuhara maji, kuyumba, kifo cha ghafla. Chukua figo, ini na kilichomo tumboni, kila kimoja kwenye chombo chake, gandisha. Usiweke kwenye formalini ile inayokwenda kupimwa metali. Tia kipande kingine kwenye formalini kwa ajili ya darubini.

Na kabla hujaondoka, zungumza na mwenye ng'ombe kuhusu nyama. Maini na figo ndivyo vinavyoliwa kwanza, na ndivyo vilivyobeba sumu. Daktari wa mifugo ndiye mwenye neno kama nyama hiyo itazikwa, na asipokuwepo, isiingie sufuriani kwanza.

Kondoo nao wana la kwao: shaba huwaua kwa kiasi ambacho mbuzi hakisikii. Akifa kondoo aliyegeuka manjano na aliyelishwa chakula cha kuku, usitafute aseniki.

Hatua ya 7: Nyumba kwa nyumba

Hodi, shikamoo, keti kwanza. Usiulize "Je, unakula samaki?" Jibu ni ndiyo kwa kila mtu na halina faida. Uliza:

"Bibi, jana na juzi mlipika nini?"

"Jana tasi wa kupaka, mwanangu. Juzi kijana wangu alileta kamba."

Hapo umepata kitu cha kuandika. Endelea: kamba wangapi, nani alikula, wali ulipikwa kwa maji gani. Mchele wenyewe hubeba aseniki kidogo isiyo ya kikaboni, Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, imeweka kikomo cha miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele mweupe, na ukipikwa kwa maji mabaya mpaka yakauke yote, sumu ya maji inabaki walini.

Angalia mikono na nyayo. Aseniki ya miaka mingi huacha madoadoa meusi na meupe kifuani na mgongoni, na vijipele vigumu viganjani na chini ya miguu. Lakini hina ya harusi hufunika viganja na nyayo kwa wiki kadhaa, na mvuvi ana sugu za kamba na makasia. Usitazame tu, gusa, kwa ruhusa: sugu iko palepale kamba inapopita, vijipele vya aseniki vimetawanyika mpaka penye ngozi laini katikati ya kiganja. Wanawake waangaliwe na mwanamke mwenzao. Bila hivyo utakuwa na sampuli ya wanaume na ripoti ya mji mzima.

Usipime mtu mmoja ukaondoka. Sumu ya kisima hukaa na familia nzima, sumu ya kazi hukaa na fundi na nguo zake.

Hatua ya 8: Maabara

Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Nairobi na tawi Mombasa, na vyuo vikuu kadhaa vina mashine. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: kipimo cha chini kabisa mnachokiona ni kipi, mnatumia sampuli gani za rejea zenye thamani inayojulikana, na mnaweza kutenganisha aina za aseniki? Maabara isiyoona chini ya mikrogramu 10 haiwezi kukuambia kama maji yamevuka 10.

Mkojo usafirishwe ukiwa umegandishwa, na barafu ipatikane kabla ya boti ya Mokowe, sio baada. Tia sampuli mbili za kuiga, zenye namba za kawaida, ambazo wewe tu unajua zina nini. Wataalamu wazuri hawachukii hilo.

Hatua ya 9: Hesabu, halafu kauli

Chukua methili zebaki. Kamati ya wataalamu ya WHO na FAO imeweka mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Tuseme papa uliyempima ana miligramu 1 kwa kilo, yaani mikrogramu 1 kwa gramu: gramu 96 za nyama zinamaliza wiki yake, na huyo papa bado yuko chini ya kikomo cha Codex cha miligramu 1.6 kwa kilo kwa biashara. Tuseme dagaa wana miligramu 0.05 kwa kilo: angeweza kula karibu kilo mbili. Hesabu hizi mbili ziandike bega kwa bega. Ukitoa ile ya papa peke yake, kesho utasikia mjamzito ameacha samaki wote na kula chapati na chai, na hapo umemdhuru zaidi kuliko zebaki.

Kwa risasi na aseniki usiandike neno "salama". Mwaka 2010 kamati hiyo hiyo iliondoa viwango vyake vya zamani vya ulaji wa metali zote mbili, kwa kuwa havikuwa tena na uhakika wa kulinda afya. Andika "chini ya kiwango cha mwongozo", ndivyo ilivyo.

Hatua ya 10: Kurudisha majibu

Mwenye kisima asikie kabla ya mtaa, na mtaa usikie kabla ya jarida. Katika nchi ya Bangladesh walipaka midomo ya visima rangi nyekundu na kijani, na ilisaidia watu kuhamia kisima cha jirani, lakini huko jirani alikuwa na kisima. Hapa, ukikipaka rangi nyekundu kisima cha msikiti bila kuonyesha maji mengine, umewafungia watu mlango. Nenda na jibu: jabia lipi lina maji, bomba linatoka siku zipi. Sema wazi kwamba kuchemsha hakuondoi aseniki wala risasi, bali maji yakipungua sumu inakolea, na dawa ya klorini inaua vijidudu tu.

Kwa fundi chubwi, mambo ya kumwambia ni machache na yanafanyika: ayeyushe mahali ambapo upepo unapeleka moshi baharini, mbali na uwanja wa nyumba, utando aufunge kwenye mkebe, nguo azivue kabla ya kumbeba mtoto, sufuria isirudi jikoni. Kwa mama wa mtoto mwenye risasi nyingi, barua ya kumpeleka hospitali iwe tayari mkononi mwako unapobisha hodi, na tarehe ya kupimwa tena baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Atakuuliza kuhusu dawa za kusafisha damu zinazouzwa mitaani. Mwambie hazitoi risasi, na baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa nazo ndani.

Chupa za akiba, mbili kwa kila kisima, bakisha kwenye friji na uzipe namba zilezile za daftari. Mtu atapinga kisima kimoja, na utataka kukipima tena kwenye maabara nyingine bila kungoja masika.